Mawimbi Yanampigia Nani? Taswira za Muziki na Tamathali za Usemi katika Ushairi wa Mazingira wa Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi taswira za muziki zinavyojengwa katika ushairi wa Kiswahili unaosawiri mazingira ya Ziwa Victoria, hususani upande wa Mwanza, Sengerema na Ukerewe. Hoja kuu ni kwamba utaratibu uliozoeleka wa kuorodhesha tamathali na kuzipa majina hautoshi kutenganisha usemi wa kawaida na tamathali hai, kwa kuwa Kiswahili hutumia vitenzi vilevile kwa upepo, ndege, ngoma na binadamu. Vigezo vitatu vinapendekezwa: sarufi ya usemi, tukio la muziki, na kimya. Makala yanahitimisha kwamba shairi linaloliimbisha ziwa bila kuonesha kazi na hatari zake hulifanya pambo, na kwamba ni wajibu wa uhakiki kulibaini hilo.

1.0 Utangulizi

Kamanga ipo upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, wilayani Sengerema, na kivuko huiunganisha na Jiji la Mwanza lililo ng'ambo. Mazingira hayo yana sauti nyingi: mngurumo wa injini, mawimbi yanayogonga miamba, ndege wa majini, upepo unaobadili mwelekeo kati ya usiku na mchana. Sauti hizo zinapoingia katika shairi aghalabu hupewa majina ya muziki. Mawimbi huitwa ngoma, upepo huitwa zumari, na mlio wa furukombe huitwa wimbo. Swali la msingi la makala haya ni hili: shairi linapofanya hivyo, limetenda jambo gani ambalo lugha ya kila siku haikuwa imeshalitenda?

Tahakiki nyingi za vyuo hulijibu swali hili kwa kukata shairi vipande na kukipa kila kipande jina: tashbihi, sitiari, tashhisi, takriri, tanakali sauti. Majina hayo ni ya lazima, na hakuna uhakiki unaoweza kuyakwepa. Tatizo hujitokeza pale orodha inapochukuliwa kuwa ndiyo tahakiki. Mhakiki aliyehesabu tashhisi 14 katika diwani moja amethibitisha kwamba anaijua istilahi, lakini bado hajaeleza kwa nini shairi moja linamgusa msomaji ilhali jingine lenye idadi ileile ya tamathali halimgusi.

Mifano mifupi inayotumika katika sehemu ya tatu na ya tano imeundwa kwa ajili ya uchambuzi huu pekee. Uamuzi huo umefanywa ili tofauti ya kisarufi ionekane wazi bila kuchanganywa na masuala mengine ya shairi zima.

2.0 Wimbo katika Nadharia ya Ushairi wa Kiswahili

Uhusiano wa shairi na muziki si jambo la pembeni katika nadharia ya ushairi wa Kiswahili. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), aliuweka wimbo katika kiini cha maana ya ushairi, kwa msimamo kwamba shairi lisiloimbika limepoteza sifa yake. Kwa mtazamo huo, muziki unakaa katika umbo: mizani, vina, mpangilio wa mishororo na kibwagizo. Maudhui yanaweza kuwa ya dini, siasa au mapenzi. Muziki haubadiliki, kwa sababu haumo katika kinachosemwa bali katika kipimo chake.

Istilahi zenyewe zina mengi ya kusema. Aina za mashairi huitwa bahari, na silabi za mwisho zinazofanana huitwa vina. Hata kama asili ya "kina" cha shairi si ile ya "kina" cha maji, sikio la msomaji huyakuta maneno hayo mawili katika umbo moja. Nadharia iliyokuzwa mwambaoni mwa Bahari ya Hindi imepata majina yanayosikika kama maji ya chumvi, yanayojaa na kupwa kwa saa zinazojulikana. Mshairi wa ziwa anapoingia katika nadharia hiyo huikuta imekwisha kujaa maji yasiyo yake.

Mjadala wa wanamapokeo na wanamabadiliko ulipopamba moto katika miaka ya 1970, sehemu yake kubwa ilihusu muziki. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alichapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974 na kuachana na vina na mizani katika mashairi yake. Katika maelezo yake kuhusu mageuzi hayo alisisitiza matumizi ya lugha ya kawaida, ile ya mazungumzo ya kila siku. Wapinzani waliona kwamba ameuondoa wimbo na kubakiza maelezo. Lawama hiyo ilijengwa juu ya dhana kwamba muziki una makao mamoja tu, yaani umbo la nje.

Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Katika ushairi huru, muziki haukutoweka; sehemu yake ilihamia katika taswira. Kile ambacho mizani ilikifanya kwa kupima silabi, taswira sasa inapaswa kukifanya kwa kumleta msikilizaji mbele ya sauti yenyewe. Kuhama huko kunaweka mzigo mpya juu ya tamathali. Katika utenzi wenye vina kamili, tamathali dhaifu hubebwa na mdundo na msomaji akapita bila kuiona. Katika shairi huru hakuna wa kuibeba. Kwa hiyo suala la kupima uhai wa tamathali ya muziki lina uzito mkubwa zaidi kwa mashairi ya aina hii.

3.0 Vitenzi vya Shirika: Kuvuma, Kulia, Kupiga

Mwaka 1856, katika juzuu ya tatu ya Modern Painters, mhakiki wa Kiingereza John Ruskin aliikosoa tabia ya washairi ya kuvipa vitu vya asili hisia za kibinadamu, akaiona kuwa ni namna ya uongo unaotokana na akili iliyozidiwa na hisia, hata pale hisia yenyewe inapokuwa ya kweli. Hoja yake imekuwa na athari kubwa katika uhakiki wa ushairi wa mazingira. Hata hivyo, haiwezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila marekebisho, kwa sababu inachukulia kwamba lugha ina mpaka ulio wazi kati ya vitenzi vya binadamu na vitenzi vya vitu.

Kiswahili hakina mpaka huo katika eneo la sauti. Upepo huvuma, ngoma huvuma, nyuki huvuma, na mtu mashuhuri naye huvuma. Methali isemayo avumaye baharini ni papa kumbe wengine wapo inafanya kazi kwa sababu maana hizo zinakaa katika kitenzi kimoja. Ndege hulia, mtoto hulia, kengele hulia, ngoma hulia. Mawimbi hupiga mwamba, radi hupiga mti, jua hupiga utosini, na mtu hupiga ngoma, zeze, kafi na pasi. Anayesema "ndege analia" hajampa ndege huzuni, wala anayesema "upepo unavuma" hajaugeuza kuwa mpiga zumari. Amesema Kiswahili tu.

Matokeo yake kwa mhakiki ni makubwa. Akiihesabu kila "ziwa linavuma" kuwa ni tashhisi, atajaza kurasa kwa tamathali ambazo mshairi hakuzibuni. Akikataa zote kwa hoja kwamba ni usemi wa kawaida, atashindwa kuona pale mshairi anapokiamsha kitenzi kilicholala. Kinachotakiwa ni ushahidi ulio ndani ya matini, na ushahidi wa kwanza ni sarufi.

Mifano mitatu itafafanua hoja hii. Wa kwanza ni "Mawimbi yanapiga mwamba." Huu ni usemi wa kawaida, hakuna muziki ndani yake zaidi ya ule uliomo katika kitenzi kwa kila msemaji. Wa pili ni "Mawimbi yanapiga mwamba kama ngoma." Hapa tashbihi imetajwa waziwazi, lakini imeongeza kidogo sana: imekitafsiri kitenzi ambacho tayari kilikuwa kinatumika kwa ngoma. Mhakiki wa orodha angeupa mfano huu alama zaidi kuliko wa kwanza kwa sababu una neno "kama". Kwa hakika, neno hilo limefunga mlango ambao kitenzi kilikuwa kimeuacha wazi.

Wa tatu ni "Mawimbi yanampigia mwamba ngoma, naye hachezi." Hapa mambo mawili yametokea kwa pamoja. Kitenzi kimenyambuliwa katika kauli ya kutendea, na hivyo kupiga kumepata mlengwa: ngoma hupigiwa mtu. Aidha, mwamba umehama kutoka ngeli ya U-I na kuchukua upatanisho wa A-WA. Hauchezi amekuwa hachezi. Hakuna neno la ulinganishi na hakuna kivumishi cha sifa, lakini tukio zima limezaliwa: yupo mpigaji, yupo mgeni aliyealikwa kucheza, na upo ukimya wa mgeni huyo. Tashhisi imejengwa na viambishi.

Uhamaji wa ngeli ni nyenzo ambayo Kiswahili kinampa mshairi bila malipo, na uhakiki wa tamathali haujaipa nafasi inayostahili. Ikumbukwe pia mipaka ya kigezo hiki. Ndege na samaki tayari wana upatanisho wa A-WA, kwa hiyo kwao uhamaji huo hauonekani. Vilevile mshairi anaweza kuliacha ziwa katika LI-YA na bado akalipa uhai. Sarufi ni ushahidi wa kwanza. Si wa pekee.

4.0 Sauti za Ziwa kama Kazi

Kigezo cha pili ni tukio la muziki. Katika Kiswahili neno "ngoma" hutaja ala, uchezaji na hafla nzima. Ngoma haipigwi hewani: ina wakati wake, wapigaji wake, wachezaji wake na sababu ya kukutanika. Taswira ya muziki inayochukua sauti peke yake na kuyaacha hayo mengine inachukua sehemu ndogo ya kile ambacho neno lenyewe linabeba.

Kwa jamii za mwambao wa kusini mwa ziwa, tukio la muziki limefungamana na kazi. Miongoni mwa Wasukuma, bugobogobo ni ngoma ya jembe: wakulima hulima kwa safu huku ngoma ikipanga kasi, na jembe lenyewe huwa chombo cha kazi na cha kuchezea. Utafiti wa Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, uliochapishwa mwaka 2010, umeonesha upana wa utamaduni huo na jinsi nyimbo zilivyobeba historia ya wakulima, wasafiri na wawindaji. Mashindano ya vyama vya Bagika na Bagalu nayo yameufanya muziki kuwa uwanja wa kupimana nguvu baada ya mavuno. Upande wa magharibi wa ziwa, kwa Wahaya, enanga ina hali nyingine: ni ala ya ubao uliochimbwa, yenye ugwe unaopitishwa mara kadhaa kutoka ncha hadi ncha, na mpigaji wake husimulia habari za mashujaa mbele ya hadhira inayosikiliza. M. M. Mulokozi aliuchunguza utendi huo katika tasinifu yake ya mwaka 1986. Kwa hiyo hata ndani ya ziwa moja, mshairi anayesema "ngoma" na anayesema "enanga" hawaiti tukio moja. Ngoma huita mikono na miguu. Enanga huita masikio.

Ziwa nalo lina utaratibu wake wa sauti, na utaratibu huo hauwezi kuazimwa kutoka baharini. Ziwa Victoria, lenye eneo la takribani kilometa za mraba 68,800, halina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Shairi linalolifanya ziwa lipwe kila jioni limeleta pumzi ya Bahari ya Hindi mahali isipopumua. Mdundo wa ziwa wa kila siku ni wa upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mwelekeo hugeuka, na mara nyingi ngurumo hukusanyika juu ya maji. Upo pia mdundo mrefu, unaopimwa kwa miaka: kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa takribani meta 2, na mwaka 2020 yalipanda tena hadi kuvamia makazi ya ufukweni.

Wavuvi wa dagaa hutoka katika usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wakiwa na taa za kuvutia samaki. Kwao sauti ya upepo ni habari. Kubadilika kwa mlio wa maji ubavuni mwa mtumbwi kunaweza kuwa onyo la kurudi. Hapa ndipo taswira ya muziki inapopata uzito wa kweli: mvuvi husikiliza ziwa kama mchezaji anavyosikiliza ngoma, kwa sababu mwili wake unapaswa kuitikia. Tofauti ni kwamba mchezaji akikosea hatua huchekwa, na mvuvi akikosea anaweza asirudi.

Kezilahabi anatoa mfano wa mazingira yaliyofungamana na kazi hata pale muziki usipotajwa. Katika "Mgomba", shairi lililomo katika Kichomi, mmea unaosawiriwa ni ule uliokatwa na wafanyakazi na kulazwa chini. Asili hapo si mandhari ya kutazamwa kwa mbali; ni kitu kilichopandwa, kikatumika, kikaangushwa kwa mikono ya watu. Katika diwani hiyohiyo, anwani "Upepo wa Wakati" inaonesha njia nyingine: kiunganishi -a kinaufanya upepo umilikiwe na wakati bila tashbihi na bila maelezo. Lugha ni ya kawaida kabisa, sawa na "upepo wa ziwa" au "upepo wa jioni", na ndiyo maana neno la mwisho linashtua. Msomaji wa mwambao husikia kwanza upepo anaoujua, kisha hutambua kwamba haumsukumi mtumbwi peke yake.

5.0 Kimya kama Kigezo

Kigezo cha tatu ni kimya. Muziki wowote unaundwa na mapigo na mapengo. Pasipo pengo hakuna mdundo, kuna kelele. Methali isemayo ngoma ikivuma sana hupasuka inalitambua hilo kwa njia yake. Hata istilahi ya ushairi ina "kituo", mshororo wa kutua mwishoni mwa ubeti. Shairi la mazingira linalojaza kila mshororo kwa sauti, ziwa likiimba, matete yakipiga filimbi, ndege wakiitikia na miamba ikishangilia, halina pa kutua. Huenda likawa na tamathali nyingi kuliko jirani yake na bado likawa halisikiki.

Katika Ziwa Victoria kimya kina historia. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya abiria walipoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 200. Baada ya matukio hayo, mshairi anayeandika kwamba ziwa linaimba hawezi kudai kwamba msomaji wa Mwanza au Ukerewe atasikia furaha tu. Neno limebeba zaidi ya alivyokusudia. Mshairi makini hulitumia hilo: anaweza kuandika "Ziwa liliimba hadi asubuhi, ng'ambo hakuitika mtu." Katika mfano huu kitenzi "kuimba" ni cha kawaida, na hakuna kilichohamishwa ngeli. Uzito wote umewekwa katika kiitikio kinachokosekana. Kwa kuwa nyimbo za ngoma na za kazi aghalabu huwa na kiongozi na waitikiaji, kutoitika ni msiba unaotajwa kwa lugha ya muziki wenyewe.

Kipo pia kimya cha mazingira yaliyoharibika. Magugu maji yaliyoenea ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hutanda juu ya maji, huyapunguza mawimbi na huziba njia za mitumbwi. Kwa mtazamaji wa mbali, zulia la kijani lenye maua ya zambarau ni urembo. Kwa masikio ni tofauti: mahali palipokuwa na pigo la maji pameingia utulivu usio wa amani. Shairi linaloyasifu maua hayo kwa taswira za macho na kusahau kwamba yamenyamazisha ufukwe limeona bila kusikia. Uhakiki wa kiikolojia, ambao huuliza fasihi inalinda au inaficha nini kuhusu mazingira, unapata hapa swali mahususi: ni sauti ipi ambayo shairi limeacha kuisikia?

Mabadiliko ya usafiri nayo yanaingia katika hesabu hii. Injini ilichukua nafasi kubwa ya kafi, na daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025, limewawezesha wasafiri kuvuka ghuba bila kugusa maji. Ni nafuu kubwa kwa wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara, na hakuna shairi linalopaswa kuijutia. Lakini mshairi atakayeandika kuhusu kuvuka atalazimika kuamua anachukua mdundo gani. Kafi lilimpa pigo linalotoka mkononi. Kivuko kilimpa mngurumo mmoja usiokatika. Daraja linampa magurudumu. Kuendelea kuandika kafi kana kwamba ndilo linalovusha watu ni kuihifadhi taswira baada ya tukio lake kuondoka.

Inaweza kupingwa kwamba vigezo hivi vinaibana taswira na kuidai ushairi iwe taarifa ya hali ya hewa. Pingamizi hilo lina msingi, kwa kuwa taswira haina wajibu wa kusema kweli ya kisayansi. Mshairi ana ruhusa ya kulipwesha ziwa au kuucheza mwamba. Kinachodaiwa ni kwamba ruhusa hiyo itumike kwa kujua. Ziwa linalopwa katika shairi kwa sababu mshairi anataka lisilowezekana litokee ni tamathali. Ziwa linalopwa kwa sababu bahari za vitabuni hupwa ni mazoea.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba taswira ya muziki katika ushairi wa mazingira ya Ziwa Victoria haiwezi kupimwa kwa idadi ya tamathali. Vitenzi vya sauti vya Kiswahili vinachangiwa na vitu, wanyama na watu, na kwa sababu hiyo tashhisi haianzi pale upepo unapovuma. Inaanza pale sarufi inapompa mpigaji mlengwa, pale tukio la muziki linapoletwa pamoja na kazi na watu wake, na pale shairi linapojua mahali pa kunyamaza. Vigezo hivi vitatu havifuti istilahi zilizopo. Vinazipa kazi ya kufanya baada ya kutajwa.

Makala yanapendekeza kwamba tahakiki za ushairi wa ziwa zianze na kitenzi kabla ya jina la tamathali, ziulize ni nani anapiga, anampigia nani na nani anapaswa kuitikia, na zichunguze sauti zilizokosekana kwa umakini uleule wa zile zilizotajwa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu uhamaji wa ngeli kama nyenzo ya tamathali, na kuhusu jinsi istilahi za muziki za Kisukuma, Kikerewe na Kihaya zinavyoingia katika Kiswahili cha washairi wa mwambao huu. Bila kazi hiyo, nadharia itaendelea kulisoma ziwa kwa vipimo vya bahari.